Njia ya Bwana Makofi

Nilichelewa kwenye mazishi ya Mzee Kiptoo kwa sababu ya jam, na kama marehemu angeweza kuinuka kidogo kwenye sanduku lake, nadhani jambo hilo lingemchekesha. Mpwa wangu Kariuki alikuwa akiniendesha kutoka Huruma kwenda Kaptagat, na tulikuwa tumeganda kwenye barabara kuu hata kabla ya kuingia katikati ya mji, lori mbele, Probox ubavuni, na nyuma yetu mtu wa bodaboda akitupigia honi kana kwamba sisi ndio tuliomleta duniani ateseke. Kariuki aligonga usukani akasema wangeongeza laini moja tu, mambo yangekuwa sawa. Nikamwambia laini moja ilikwisha kuongezwa, na baada yake ikaongezwa nyingine, na kwamba hapo tulipokaa tukivuta moshi wa lori palikuwa na mikaratusi mirefu, na nyuma ya mikaratusi njia ya maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, ambayo mimi nilikuwa nikipita kwa baiskeli asubuhi nikienda kiwandani, nikafika bila tone la tope kwenye sketi. Alinitazama kwa ule upole ambao vijana hutuwekea sisi wazee wanapodhani akili imeanza kuchanganya mambo. Akauliza kama kweli hapo palikuwa na njia ya baiskeli. Nikasema ndiyo. Halafu nikajirekebisha, maana asubuhi hiyo bado niliamini hivyo: haikuwa ya baiskeli, ilikuwa ya wananchi kusimama wakingoja wageni wa serikali. Sisi wa baiskeli tulikuwa tunapita tu.

Tulipofika, jeneza lilikuwa limekwisha kushushwa. Mheshimiwa mmoja alikuwa akimalizia hotuba, na magari yake yalikuwa yamejaza malisho ya marehemu mpaka ng'ombe wamebanwa kwenye kona. Wasifu ulikuwa umekwisha kusomwa, nikaupitia kwenye karatasi niliyopewa: alisoma wapi, akaajiriwa lini ofisi ya mipango ya mji, akahamishwa huku na kule, akastaafu, akafuga. Kuhusu ile njia ya miti aliyoipanga yeye, hapakuwa na neno. Nilizunguka nyuma kwenye jiko la moshi ambako kina mama walikuwa wakipakua wali na nyama, na kabla sijapokea sahani, Mama Chebet, mjane wake, akanishika mkono na kuniingiza kwenye chumba cha kuwekea mahindi. Tulikaa juu ya magunia. Alinimiminia mursik kwenye kikombe cha bati, maziwa ya kuganda yenye harufu ya kibuyu na mkaa, kama alivyonimiminia mara nyingi tulipokuwa majirani. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi sana. Yeye amenenepa, mimi nimekonda, na kila mmoja alikuwa akimkagua mwenzake bila aibu.

"Nyambura," akasema, "ile njia ya miti, wewe unajua ilitengenezewa nani?"

Nikamwambia ilitengenezewa wananchi wasimame.

"Ilitengenezewa wewe," akasema. "Wewe na wengine kama wewe. Hiyo ya kusimama ilikuwa ya kuambia wakubwa."

Alinieleza taratibu, huku akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Kwamba mumewe alijaribu kwanza kusema ukweli. Alipeleka wazo la njia ya baiskeli na ya miguu, kando ya barabara kuu, ili watu wa Huruma wafike kazini bila kugongwa, na mezani walicheka. Mji unataka kuwa jiji, wakamwambia, na wewe unataka kuturudisha kwenye baiskeli? Wote waliokaa pale walikuwa wamekuja kwa gari, na yule ambaye hakuwa na gari alikuwa akiliota. Basi Kiptoo akarudi na ramani ile ile, upana ule ule, akabadilisha jina tu. Alisema wananchi wanahitaji mahali pazuri, penye kivuli, pa kusimama wakilaki wageni wa serikali. Miaka ile nani angenyoosha mkono kupinga jambo kama hilo? Walilipitisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo sasa, uzeeni, imenibidi niupitie mwaka ule upya, kama mtu aliyeambiwa nguo aliyoivaa siku zote alikuwa ameigeuza ndani nje. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Chama kilikuwa kimoja, picha ilikuwa moja kwenye kila duka, na mtu mwenye akili alijifunza kucheka pale wengine walipocheka. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanda cha nguo, na nilikuwa nimepanga chumba cha mbao Huruma, katika ploti yenye mfereji mmoja wa maji na choo kimoja. Ukuta ulionitenganisha na akina Kiptoo ulikuwa wa mbao zilizokauka zikaachana. Nilikuwa nimeziba nyufa kwa kurasa za magazeti. Mwanga haukupita, lakini maneno yalipita yote. Nilijua wanakula nini kabla hawajala: mboga za kienyeji zilizolazwa kwenye maziwa, harufu iliyokuwa ikinifanya niache githeri yangu ya mahindi na maharagwe ikipoa nimeikodolea macho. Mama Chebet alikuwa akinigongea ubao, nami natoka na bakuli. Yeye ananipa mboga, mimi nampa githeri, na kila mmoja anakwenda akiamini amemlalia mwenzake.

Kiptoo alikuwa kijana mwembamba aliyetoka chuoni juzi, akingoja kupewa nyumba ya serikali, ndiyo maana akawa nasi. Alikuwa na suti moja na beji moja, na alikuwa akileta nyumbani makaratasi makubwa ya ramani ambayo hayakuwa na mahali pa kutandazwa isipokuwa kitandani. Mama Chebet alilalamika kila jioni kwamba mtoto hana pa kulala kwa sababu mji mzima umelala kitandani kwake. Nilikuwa nikicheka peke yangu upande wangu, nimeziba mdomo kwa leso.

Nami nilikuwa na baiskeli, nyeusi, ya kiume, yenye ule mtalimbo unaomlazimu mwanamke kuvaa suruali ndani ya sketi. Vijana wa pale dukani waliniita Padri, kwa kuwa mtu pekee waliyemwona akiendesha kwa kujinyoosha hivyo alikuwa padri. Sikujali. Nyuma nilifunga mzigo wa vipande vya nguo, vile ambavyo kiwanda kilituuzia sisi wafanyakazi kwa bei nafuu, nami nikawapelekea mafundi wa cherehani mjini. Mzigo ulitokeza pande zote mbili, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Barabara kuu ilikuwa ya malori ya kwenda na kutoka Uganda, lami imeliwa ukingoni, na pembeni mtaro umekaa wazi. Lori likija kutoka nyuma unasikia upepo wake mgongoni kabla ya injini. Kwa hiyo kusema kweli baiskeli ile niliisukuma kuliko nilivyoipanda.

Jioni moja nilikuwa kwenye mfereji nikiosha magurudumu, Kiptoo akaja na futi ya kukunja. Aliniomba apime usukani. Akapima. Akaomba apime mzigo. Akapima huku na huku, akaandika kwenye kiganja. Akaniuliza ninashuka wapi na kusukuma, na kwa nini, na kama ningeshuka pale hata kama hakuna lori linalokuja. Nilimjibu yote kwa urefu, maana hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu safari yangu kama vile ni jambo la maana: hapa lami imekatika, pale mtaro umefunguka, kwenye daraja huwezi kupishana na mtu. Mama Chebet alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akitutazama. Chakula kilipoisha kwao, nikasikia kupitia ubao, "Unapima baiskeli ama unapima mwenye baiskeli?" Kiptoo alijibu kwa sauti ya chini sana, na hiyo ndiyo mara pekee ubao ule uliponinyima maneno. Mboga zilikatika siku kadhaa. Nilipomkumbusha haya juu ya magunia, Mama Chebet alicheka na kulia kwa pamoja. Akasema jibu la mumewe lilikuwa kwamba njia inatakiwa itoshe Nyambura na mzigo wake na mtu mwingine anayetoka mbele, wapishane bila mmoja wao kushuka.

Mimi sikusikia hilo. Nilichosikia, jioni zilizofuata, ni Kiptoo akifanya mazoezi ya hotuba. "Wananchi wetu wanasimama kwa jua, wanasimama kwa matope, lakini hawachoki kuonyesha mapenzi yao." Alirudia na kurudia, akibadilisha neno hapa na pale, mpaka mtoto akaamka. Ploti nzima ilisikia. Jirani wa upande wangu wa pili, fundi wa viatu ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake, akasema huyu amejipangia cheo kwa kupanga watu wapige makofi, na tangu siku hiyo jina la Kiptoo likawa Bwana Makofi. Nililitumia kama wengine. Lilikuwa jina tamu mdomoni. Tulikuwa na viongozi wengi wa kuwaogopa na mmoja tu wa kumcheka, naye alikuwa jirani asiye na nyumba.

Njia ilitengenezwa kiangazi. Waliacha mikaratusi yote imesimama, wakachimba mtaro upande wa barabara, wakamwaga maramu nyuma ya miti na kuishindilia. Siku ya kwanza ilijaa watoto wa shule waliopangwa mstari, bendera za karatasi mkono mmoja, maziwa ya pakiti mkono wa pili, na msafara ukapita haraka hata wengine wakakosa kujua ni gari lipi la kupungia. Kesho yake asubuhi njia ilikuwa tupu, imetapakaa pakiti. Nilishuka barabarani nikaingia nyuma ya miti kwa wizi, nikitazama kama kuna kijana wa chama atakayenikemea. Hakuna aliyetokea. Nikapanda. Nilisikia malori yakinguruma upande wa pili wa mikaratusi, lakini upepo wao haukunifikia, na majani makavu yalikuwa yakivunjika chini ya magurudumu. Niliendesha mpaka mwisho bila kushuka hata mara moja. Nilifika kiwandani kabla ya king'ora, nikakaa kwenye jiwe nje ya geti nikingoja, na nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Wengine wakafuata. Wauza maziwa kutoka upande wa Plateau, na mitungi yao ikigongana. Kina mama wenye watoto mgongoni, waliokuwa wakitembea kwenye majani yenye umande, sasa walitembea wawili wawili wakipiga soga. Fundi wa viatu naye akanunua baiskeli, na nikamwona hata karani mmoja mwenye tai, suruali amebana kwa kamba miguuni. Hatukuambiwa tupite wala tusipite. Ikitangazwa kwamba kuna mgeni, tulihama wenyewe turudi barabarani kwa malori, na mgeni akishapita tunarudi tena kimya kimya. Nakumbuka tulivyokuwa tukipishana kwa adabu nyingi, kama watu walioingia sebule ya mwenyewe akiwa hayupo. Hakuna aliyethubutu kusema njia yetu.

Siku niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Mama Chebet alikuwa amenisamehe kitambo, na alitaka kujua kuendesha. Tulienda njiani, mimi nimeshika kiti kwa nyuma, yeye akipiga kelele kwa lugha yao, na Kiptoo akitufuata na mtoto begani, ndani ya suti ile ile. Tulihangaika mti hadi mti. Halafu nikaachia. Alikwenda, usukani ukiyumba, akapishana na muuza maziwa aliyekuwa akija, na hakuna kati yao aliyeshuka. Nyuma yangu nikasikia makofi. Kiptoo alikuwa amemweka mtoto kwenye nyasi na alikuwa akipiga makofi peke yake, kwa nguvu, uso umemfunguka. Jioni niliisimulia ploti: Bwana Makofi amepiga makofi yake mwenyewe. Tulicheka mpaka fundi wa viatu akajikwaruza na sindano. Leo naiona sura ile na najua alikuwa akitazama nini. Alikuwa akitazama watu wawili wakipishana.

Mwishoni mwa mwaka ikatangazwa ziara kubwa kuliko zote zilizotangulia. Asubuhi moja nilifika njiani nikakuta mikaratusi imelala chini, inanukia kama dawa ya mafua, na watu wenye misumeno wanaendelea na iliyobaki. Msimamizi wao hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba miti inawaficha wananchi, msafara ukipita watu hawaonekani, na tena magari ya wakubwa hayana mahali pa kuegesha. Akaniuliza kama mimi hupita hapo. Nikasema napita kila siku. Akauliza, "Kwani hii ni njia yenu?"

"Hapana," nikasema. "Sisi tunapita tu."

Akanionyesha barabara kwa kidole, bila ukali, nikageuza baiskeli.

Jioni Kiptoo alinikuta kwenye mfereji. Aliniuliza siku hiyo nimepitia wapi. Nikamwambia barabarani. Aliuliza kama huko kiwandani au njiani kuna mtu amesema kitu, nami nikamuuliza kitu kuhusu nini. Nilidhani ana wasiwasi na maandalizi yake. Nikamtania, na maneno yenyewe nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka: kwamba sasa mambo ni mazuri, watu watasimama wakionekana, makofi yatasikika mpaka Nairobi. Alitabasamu. Akachukua ndoo yake, ikamwagika kidogo kwenye kiatu, akaingia ndani.

Mgeni alikuja akaenda. Magari yaliyoegeshwa siku ile yalionekana kupapenda mahali pale, maana kesho yake yalikuwa mengine pale pale, na baadaye wakamwaga lami, na baadaye zaidi lami hiyo ikaungana na barabara. Sisi tulirudi ukingoni. Muuza maziwa yule aliyepishana na Mama Chebet aligongwa na lori akapelekwa hospitali ya misheni, na sikumwona tena akipita na mitungi yake. Mimi upepo wa lori ulinitupa mtaroni mara moja, na hiyo ilinitosha. Niliining'iniza baiskeli kwenye msumari ukutani, kwenye ubao ule ule. Akina Kiptoo walipata uhamisho kabla ya mvua. Tuliagana kama majirani wanavyoagana, kwa haraka, gari la mizigo likinguruma nje.

Juu ya magunia, kikombe changu kilikuwa kimekwisha. Nilimuuliza Mama Chebet kama mumewe alijaribu kuzuia miti isikatwe. Akasema alijaribu, wakamwuliza, wewe si ndiye ulisema hapa ni pa kusimama? Basi tunapafanya pawe pazuri zaidi pa kusimama. Neno lake mwenyewe lilikuwa limemfunga. Halafu akaniambia lile ambalo nimekuwa nikilibeba tangu siku hiyo.

"Alingoja," akasema. "Hiyo wiki yote hakwenda kula lunch. Alikaa ofisini na mlango wazi. Aliniambia, hata akikuja mtu mmoja tu na baiskeli, aseme wametukatia njia, mimi nitaandika wananchi wamelalamika. Nitakuwa na kitu ya kushika. Hakuna mtu alikuja."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikaa jirani yangu, alinikuta kwenye mfereji kila jioni. Angesema neno moja.

"Angekuambia vipi, Nyambura? Aseme alidanganya wakubwa, wakati ule? Na aambie nani, nyinyi mliokuwa mnamwita Bwana Makofi?"

Nikashtuka. Nikasema, "Kwani alikuwa anajua?"

"Hiyo mbao," akasema, bila ubaya wowote, "maneno si yalikuwa yanapita pande zote mbili?"

Nimejiuliza tangu hapo kama ningeenda. Ningesimama mbele ya meza ya serikali, mwaka ule, na baiskeli yangu mlangoni, nikasema miti iliyokatwa kwa ajili ya mgeni ilikuwa yangu? Watu walikuwa wakilala seli kwa mambo madogo kuliko hayo. Huenda nisingeenda. Lakini ningekuwa nimeogopa jambo nililolijua, na hilo nahisi lingekuwa jepesi kuliko hili, kwamba nilipoulizwa nilisema si yetu, na nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Inaniuma. Inaniuma kwamba mtu alikaa na mlango wazi akinisubiri, nami nilikuwa kwenye ploti nikichekesha watu kwa jina lake.

Tulikaa sana Kaptagat tukingoja magari ya mheshimiwa yatoke malishoni. Wakati wa kurudi tuliganda tena, karibu pale pale, jua likiwa upande wa Huruma. Kijana mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yake kati ya magari, amebeba kreti za mayai nyuma, akiomba msamaha kwa kila kioo cha pembeni. Kariuki alimfuata kwa macho mpaka akapotea mbele ya lori. Kisha, labda kwa kuona nimenyamaza mno, akarudia mazungumzo ya asubuhi.

"Shangazi, hiyo njia ulisema ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yangu," nikasema.

Alingoja niongeze neno, lakini gari la mbele lilisogea kidogo, naye akasogea nalo.